Kutoa 5A na Kufunga 7A kwenye Carina TI: Njia Ninayoifuata Hapa Kigoma

Gari langu ni Toyota Carina TI la gia za mkono, chesisi AT212. Lilikuja na injini ya 5A-FE, sentimeta za ujazo 1498, ile tunayoiita kwa mkato 1.5. Kwa mtu anayekaa Gungu na kushuka Mwanga, hapa hapa mjini Kigoma, kila asubuhi injini hiyo inatosha kabisa. Mimi haikunitosha kwa sababu mama yangu anakaa Manyovu. Kila Jumamosi nampelekea mahitaji, na narudi na mikungu ya ndizi, maharage na mara nyingi watu watatu wanaoshukia mjini. Kutoka Mwandiga hadi Manyovu ni lami, kilometa kama 60, lakini ni lami ya kupanda. Ziwa Tanganyika liko mita kama 770 juu ya usawa wa bahari, na wewe unaliacha mgongoni unaenda juu kona kwa kona. 5A ikiwa na watu na mzigo ilikuwa inaomba gia ya pili sehemu ambazo Noah za abiria zinapita na ya tatu. Unakanyaga hadi chini, injini inalia, mshale wa joto unaanza kunyanyuka, na mtoto aliyeko nyuma anauliza kama tutafika.

Nina miaka 19 kwenye ufundi. Injini nilizozipandisha kwenye magari ya watu ni nyingi, na nyingine zimerudi gereji zikivutwa kwa kamba. Ninayoandika hapa ni njia niliyoifuata kwenye gari langu, na ndiyo ninayoifuata kwa mteja anayetaka gari la kazini, shuleni, sokoni na hospitali. Gari la namna hiyo lina sharti moja: liwake Jumatatu asubuhi, na Jumanne, na usiku wa manane mgonjwa akizidiwa. Ukiwa na nguvu nyingi lakini huna uhakika wa kuwaka, umeharibu gari zima.

Chagua injini ambayo bodi inaifahamu

Vijana wanakuja wakitaka niwafungie 1JZ ya silinda sita kwenye Corolla. Inawezekana, watu wamefanya. Ila hapo utachomelea mauntingi mpya (vishikio vya injini kwenye bodi), utakata bodi, utatengenezesha draivu shafti za kuunga, na kila kiungo ulichokitunga mwenyewe kitakudai siku yake, tena siku hiyo utakuwa mbali na nyumbani. Kwa gari la kila siku mimi nauliza swali moja kabla sijashika spana: kiwanda kiliwahi kufunga injini gani kwenye bodi hii hii?

Fungua boneti usome namba ya chesisi. Carina ya umbo hili, ya kati ya 1996 na 2001, ikiwa AT212 ilitoka na 5A-FE. Ikiwa AT211 ilitoka na 7A-FE ya sentimeta za ujazo 1762. Bodi ni ile ile, na Corona Premio ya wakati huo nayo ina AT211 yake. Kwa hiyo sehemu za kufungia mauntingi zipo, boneti inafunga, draivu shafti zinafika, na bomba la moshi la AT211 linapita chini bila kugusa kitu. Hilo peke yake linakupunguzia nusu ya kazi na karibu hatari yote.

Nguvu zenyewe zikoje? Kwenye karatasi utaona farasi 100 za 5A dhidi ya kama 115 za 7A, ukasema mbona tofauti ndogo. Angalia ndani. Pistoni ya 5A ina kipenyo cha milimeta 78.7 na inatembea milimeta 77. Ya 7A ina milimeta 81 na inatembea 85.5. Mwendo huo mrefu ndio unaokupa nguvu ya kuvuta mapema, kwenye mizunguko kama 2,800 kwa dakika, wakati 5A inaipata nguvu yake ya kuvuta ikishapita 4,000. Mtu anayepanda mlima anaelewa nasema nini. Unatoka kwenye kona, gari limepoa mwendo, mizunguko imeshuka hadi 2,500, na badala ya kurudi gia ya pili unakanyaga tu na gari linaondoka.

(Wenye Hilux za dizeli za zamani njia yenu ni hiyo hiyo na ni rahisi zaidi: 2L ya sentimeta za ujazo 2446, halafu 3L ya 2779, halafu 5L ya 2986, zote ni za ukoo mmoja. Sehemu ya nyaya hapa chini mnaweza kuiruka, sehemu ya rejeta na breki msiiruke.)

Kuna watu watakwambia gari likishatolewa injini ya kwanza limeisha thamani. Sisi wa Kigoma tusiseme hivyo. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa kwa vipande ikaungwa hapa hapa mjini kwetu, na ilikuwa inatembea kwa mvuke. Miaka ya 1970 injini za mvuke zikatolewa, ikafungwa za dizeli, na wazee wetu wakaendelea kusafiri nayo hadi Mpulungu, Zambia. Chombo hakifi kwa kubadilishiwa injini. Kinakufa kwa kubadilishiwa vibaya.

Kununua: usinunue injini, nunua familia yake

Injini nyingi tunazofunga huku zinatoka Japani zikiwa zimetumika, zinapitia Dar es Salaam na kutufikia kwa treni au kwa basi. Muuzaji atakuuliza unataka injini tupu au kamili. Chukua kamili, na umweleze kwa kutaja kimoja kimoja, kwa sababu neno "kamili" kila mtu ana maana yake. Mimi nilitaja hivi: injini ikiwa na manifodi zote mbili, stata, oltaneta, flaiwili na klachi, kontroli boksi yake (kompyuta ya injini), nyaya zote kutoka kwenye injini hadi kwenye kontroli boksi bila kukatwa hata mmoja, bomba la moshi la mbele likiwa na sensa yake, mabano ya mauntingi, na rejeta. Kama gari lako ni la gia za automatiki, chukua na gia boksi pia, kwa maana kwenye 7A nyingi za automatiki kontroli boksi ndiyo inayoamrisha gia. Na kama lako ni la gia za mkono, sema wazi unataka kontroli boksi ya gia za mkono. Ukiletewa ya automatiki itazitafuta solenoidi za gia, haitaziona, na taa ya injini itakaa inawaka miaka yote. Siku ikiwaka kwa tatizo la kweli hutajua.

Nasisitiza nyaya kwa sababu nilishaumia. 7A yangu ya kwanza niliifunga kwenye gari la shemeji yangu, zamani kidogo. Injini ilifika safi, lakini aliyeitoa kwenye gari lake la kwanza alikuwa ameona nyaya zinamchelewesha, akazikata kwa kisu kiasi cha kiganja kutoka kwenye soketi. Nikajiambia nitaunga. Nikaunga waya mmoja mmoja kwa kusokota na tepu ya umeme, siku nne nimeinama. Gari likawaka vizuri, shemeji akafurahi. Mwezi wa tatu wake, usiku wa mvua, kwenye milima ile ile ya Manyovu, likazima ghafla likiwa na mama yangu na watoto wawili wa dada. Maji yalikuwa yameingia kwenye kiungo kimoja cha waya wa distribyuta. Kiungo nilichokisokota mimi kwa mikono yangu. Walikaa gizani saa tatu hadi lori la maharage likawavuta. Mama hakunilaumu, alisema tu, "Mwanangu, hili gari ulilitengeneza la mchana." Tangu siku hiyo injini yenye nyaya zilizokatwa siinunui hata kwa bei ya chuma chakavu.

Kabla ya kulipa, au mtu wako wa Dar kabla hajalipa, fungua kifuniko cha oili uangalie chini yake. Oili nyeusi siyo tatizo. Uji wa rangi ya chai ya maziwa ni tatizo, maji yameingia kwenye oili. Toa plagi zote nne uzipange kwa mpangilio wake, zote ziwe na rangi moja inayokaribiana. Zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili mizima, isikwame popote. Halafu pima kompresheni. 7A yenye afya inatoa presha ya kama paundi 190 (psi) kwa kila silinda. Ikishuka chini ya 142 kwenye silinda yoyote, iache. Na hata zote zikiwa juu ya hapo, silinda moja isiachane na nyingine kwa zaidi ya paundi 14. Hicho cha mwisho wengi hawakipimi. Injini yenye 180, 178, 181 na 155 itakupa sailensa (injini ikiwaka bila wewe kukanyaga mafuta) ya kutetemeka ambayo utaitafuta kwenye plagi na nozeli hadi uchoke.

Angalia pia kama 7A yako ina distribyuta au ina koili mbili zilizokaa zenyewe. Zile za kubana mafuta, nyingi zilizotoka kwenye Premio na Carina za mwishoni, zina koili, zina vali ya ziada ndani ya manifodi ya hewa, na sensa ya moshi tofauti. Si mbaya hata kidogo, mimi nimefunga hiyo. Ila haikubali kontroli boksi ya nyingine.

Ikiwa bado chini

Injini ikiwa sakafuni mkono wako unafika kila mahali. Ikishapanda, kubadilisha sili ya nyuma ya krenki ni kushusha gia boksi tena. Kwa hiyo fanya yote sasa: sili ya mbele na ya nyuma ya krenki, sili za kamshafti, gasketi ya kifuniko cha vali, wota pampu, temostati, mipira yote ya maji, plagi, filta ya oili. Mkanda wa taiming badilisha hata kama muuzaji ameapa ni mpya. Nunua wa 7A kwa jina, kwa sababu bloku ya 7A ni ndefu kwenda juu kuliko ya 5A na mkanda wake ni mrefu zaidi. Ukishaufunga, andika tarehe na kilometa kwa rangi kwenye kifuniko chake, na uhesabu kilometa 100,000.

Temostati mpya nayo ipime. Itumbukize kwenye sufuria ya maji juu ya jiko ukiwa na kipima joto. Inatakiwa ianze kufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84. Nimeshakutana na mpya ndani ya boksi isiyofunguka kabisa.

Kushusha na kupandisha

Hapa fundi yeyote aliyeshusha injini ya gari la kuvuta mbele hana cha kujifunza, nitapita haraka. Toa betri, punguza presha ya mafuta kabla ya kufungua mpira wake, mwaga maji na oili. Kompresa ya AC usiifungue mabomba: toa boliti zake tu, uifunge kwa kamba pembeni na gesi yake ndani. Pampu ya usukani vivyo hivyo. Toa rejeta isije ikatobolewa. Piga picha kila soketi na kila mpira wa vakyumu kabla ya kuuchomoa. Kijana wangu wa gereji aliwahi kuniambia, "Fundi, hizi nazijua kichwani." Nikamwambia piga picha. Kesho yake alikuwa anaziangalia.

Jambo moja tu nitalisimamia: chenbloku, ile mashine ya cheni ya kunyanyulia injini, usiifunge kwenye tawi la mwembe. Najua gereji nyingi huku zimekaa chini ya mwembe na tawi limebeba injini miaka na miaka. Injini na gia boksi ni mzigo wa kumuua mtu, na tawi bichi leo siyo tawi la kiangazi kijacho. Tengenezesha miguu mitatu ya bomba nene la chuma, fundi wa kuchomelea anaimaliza kwa siku moja.

Injini mpya ipande na mabano yake ya 7A, halafu raba za mauntingi ziwe mpya. Zikaze mwisho kabisa, injini ikiwa imekaa yenyewe bila kuvutwa na cheni, ukishaitikisatikisa kidogo. Ukizikaza wakati bado imening'inia, gari lote litatetemeka ukisimama kwenye kivuko cha watoto wa shule.

Nyaya

Hapa ndipo nikuombe utulie. Usiharakishe, usifanye usiku, usifanye ukiwa na njaa.

Kama umepata nyaya nzima, kazi ni kutoa mkono mzima (fungu zima) wa nyaya za injini wa 5A pamoja na kontroli boksi yake, kisha kupitisha mkono wa 7A kwenye tundu lile lile la ukuta kati ya injini na kabini. Upande wa injini kila soketi itakwenda kwake, haiwezekani kukosea sana. Mahali pa kukosea ni pale mkono wa injini unapokutana na nyaya za bodi nyuma ya dashibodi. Soketi za AT211 na AT212 zinaweza kufanana sura na waya mmoja au miwili ikawa imekaa mahali tofauti. Usiamini sura. Tafuta mchoro wa pini wa kontroli boksi zote mbili, ya zamani na mpya, ukae na mita na uhakikishe waya kwa waya.

Nyaya zinazokuhusu zina majina ambayo Toyota wameyatumia kwa miaka mingi. BATT lazima iwe na umeme muda wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni. IGSW inapata umeme ukiwasha swichi. +B inapata umeme kupitia rilei kuu. STA inapata umeme pale tu stata inapozunguka. FC ndiyo inayoamrisha rilei ya pampu ya mafuta, na ikikosea hapa gari litawaka sekunde mbili na kuzima, wewe ukadhani ni pampu. SPD inaleta mwendo wa gari. W ni ile taa ya injini kwenye dashibodi. Kisha kuna E1, E01 na E02, ambazo ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari.

Ethi ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. E01 na E02 zinafungwa kwa boliti kwenye manifodi ya hewa ya injini. Kwangua pale kwa msasa hadi chuma kionekane, kaza, halafu paka grisi juu kuzuia kutu. Rudisha pia waya mnene unaotoka kwenye betri kwenda kwenye gia boksi, na ule wa kutoka kwenye injini kwenda kwenye bodi. Kigoma kuna unyevu wa ziwa, na ethi yenye kutu inaleta magonjwa yasiyo na jina: leo taa hafifu, kesho sailensa inapanda na kushuka, keshokutwa gari linagoma kabisa.

Ikikubidi kuunga waya, ziunge hivi: vua plastiki, vika mpira mwembamba ule unaojibana ukipashwa moto, pitisha nyuzi za upande huu ndani ya nyuzi za upande ule, lehemu kwa risasi, uache ipoe bila kuipuliza, kisha uvute ule mpira juu yake na kuupasha moto hadi ujibane. Viungo vya nyaya mbili zilizokaa jirani visikae sambamba, kimoja kiwe mbele kingine nyuma. Kila kiungo kikae ndani ya kabini, pasipofika maji. Tepu ni ya kufunga mkono wa nyaya usichezecheze, kamwe siyo ya kushika umeme. Siandiki hili kama mtaalamu wa vitabu, naliandika kama mtoto wa yule mama aliyekaa gizani saa tatu.

Rejeta, breki na mafuta

Rejeta ya 5A usiirudishe. Injini imekua, joto limekua, na wewe unaenda kuipandisha mlima na mzigo. Funga ile ya 7A baada ya kuisafisha, au nunua mpya yenye unene ule ule. Maji ya bomba usitie. Maji yetu yanatoka ziwani na yana madini. Angalia birika lako la chai utaona ukoko mweupe chini yake. Ukoko huo huo unajijenga ndani ya rejeta na kuzunguka silinda. Tia kulanti, na ukilazimika kuchanganya, changanya na maji yaliyotoneshwa au ya mvua uliyoyakinga safi.

Feni ijaribu kabla ya safari. Kwenye Toyota za umri huu, ukichomoa soketi ya sensa ya feni swichi ikiwa imewashwa, feni lazima izunguke. Isipozunguka, tafuta fyuzi, rilei au mota leo, usisubiri jua la mwezi wa tisa.

Breki: gari linalopanda kwa haraka zaidi litashuka pia, na mteremko wa kurudi Mwandiga ni mrefu. Pedi mpya mbele, diski zilizonyooka, viatu vya nyuma virekebishwe, na mafuta ya breki yabadilishwe yote, kwa sababu ya zamani yamenyonya maji na yatachemka mguu ukiwa juu yake. Hapa sikubali kubembelezana na mteja. Asiye na fedha ya breki namwambia tusubiri, injini itakaa kwenye turubai.

Pampu ya mafuta niliiacha ile ya zamani, lakini baada ya kupima. Mpira wa vakyumu wa regyuleta ukichomolewa, presha inatakiwa iwe paundi 38 hadi 44. Yangu ilisoma 41. Filta nilibadilisha.

Kuwasha mara ya kwanza

Tia oili, 7A inachukua kama lita 3.7 pamoja na filta. Usiwashe bado. Chomoa soketi za nozeli na za koili, uzungushe stata kwa vipande vya sekunde kumi hadi taa ya oili izime. Oili ikishapanda juu, rudisha soketi, washa, na usikanyage mafuta. Acha ijitafute. Mtu mmoja akae ndani na mkono kwenye ufunguo, wewe uwe na tochi chini ukiangalia kinachovuja.

Ikishapata moto, sailensa itulie kama 700 hadi 800. Tafuta kisanduku kidogo cheusi chenye maandishi DIAGNOSIS, unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kuwasha injini, uhesabu taa ya injini inavyopepesa. Ikipepesa mfululizo kwa mwendo mmoja bila kusimama, haina lawama. Ikihesabu 22 ni sensa ya joto la maji, 31 ni sensa ya vakyumu, 41 ni ya mkao wa slaidi ya hewa, 42 ni ya mwendo. Hayo yote ni bure, huhitaji mashine ya mtu. Kama injini yako ina distribyuta, waya huo huo ukiwa pale na injini imewashwa, weka taiming kwenye nyuzi 10. Ya koili haina cha kuzungusha.

Makaratasi

Kadi ya gari ina namba ya injini na ukubwa wake, na sasa vyote viwili ni uongo. Nenda ofisi ya TRA (mamlaka ya mapato) na kadi, risiti ya injini na nyaraka zake za forodha, gari likaguliwe na polisi wa usalama barabarani, kadi ibadilishwe. Zamani watu waliogopa kwa sababu ada ya mwaka ilifuata ukubwa wa injini, na kutoka 1498 kwenda 1762 ulikuwa unavuka mstari wa 1500. Ada ile ilifutwa mwaka 2017, kwa hiyo hofu hiyo haina kazi tena. Mjulishe na mtu wa bima. Ukigongana na kadi inasema injini nyingine, wewe ndiye utakayehangaika kueleza.

Safari ya kulipima

Wiki ya kwanza usitoke mjini. Gungu, Mwanga, Ujiji, Kibirizi, rudi nyumbani. Kila asubuhi kabla ya kuwasha angalia maji na oili, pitisha kiganja chini ya mipira, lala chini uangalie sakafu. Kaza tena boliti za mauntingi na za bomba la moshi baada ya siku tatu. Kwenye kilometa 500 mwaga oili hata kama inaonekana safi, kwa sababu injini iliyokaa kwenye kontena ina uchafu ambao sasa umeamka. Mafuta niliyapima kwa kujaza tenki hadi juu mara mbili. Nilikuwa napata kilometa 13 kwa lita mjini, sasa napata 12. Kwenye milima nimepata zaidi kuliko zamani, kwa sababu sikanyagi tena hadi chini.

Halafu panda Manyovu. Nenda mchana, na watu wale wale na mzigo ule ule uliokufanya utake injini kubwa. Usiende peke yako na gari tupu ukarudi ukisema linavuta. Jicho moja liwe kwenye mshale wa joto kuanzia mnapoiacha Mwandiga: unyanyuke hadi katikati na ukae hapo, kona zote, hadi juu. Ukifika, usizime mara moja, liache kwenye sailensa dakika mbili, usikilize feni ikiwaka na kuzima yenyewe. Zima. Fungua boneti, nusa kama kuna harufu ya kulanti au ya waya ulioungua. Kunywa chai. Baada ya dakika ishirini, injini ikiwa bado ya moto, ingia uwashe.

La kwangu liliwaka kwa mguso mmoja. Mama alikuwa amesimama mlangoni na kanga yake begani, akaja akakaa kiti cha mbele bila kuniuliza kitu, akasema twende mjini kabla ya giza. Nikamwambia hata giza likiingia tutafika.